Ngamia wa Babu Kwenye Ukuta wa Mzungu

Haya, nitalisema mwenyewe, maana nimechoka kulisikia likisimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila anayelisimulia ananiongezea ujinga ambao sikuufanya, kana kwamba ule nilioufanya haukutosha. Mimi ndiye yule mwalimu aliyepoteza mchumba ndani ya nyumba ya picha. Ndiyo, mimi. Chekeni kabisa, mmalize, halafu mnisikilize, kwa sababu miaka imepita na bado nikikumbuka nashikwa na hasira, na hasira yenyewe sijui hata nimtupie nani: babu yangu aliye kaburini, yule mama wa Kizungu aliyeshika brashi, Mzee Jillo na tochi yake, au huyu huyu mwenye mdomo anayewasimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya zile mvua za El Nino zilizoukata mji wetu wa Garissa na dunia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni (moja haikuwa na wino, ya maonyesho tu), na nilikuwa nimemposa Sahra, mwalimu mwenzangu wa darasa la pili. Sahra hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini likitoka moja unalikumbuka wiki nzima. Mimi nilimpenda, sitaficha, na yeye alikuwa amekubali, na wazee wa kwetu walikuwa wameshapeleka neno. Kilichobaki ni baba yake, Hajji Gedi, mfugaji wa upande wa Wajir, kuja kuniona kwa macho yake.

Akaja Ijumaa na ndugu yake mdogo aitwaye Dubat. Mazungumzo na baba yangu yalipangwa Jumapili, chai imeandaliwa, mbuzi amenunuliwa. Jumamosi ikawa siku tupu, na siku tupu ndiyo iliyoniua.

Mama yangu, Mungu amweke, aliniambia asubuhi, "Noor, wapeleke soko la mifugo. Watatazama ngamia wa watu, watabishana na madalali, watarudi adhuhuri wamefurahi."

Angalieni jinsi mtu anavyopewa dawa akaitema. Nikamjibu, "Hooyo, soko la mifugo wanalijua tangu kuzaliwa. Mimi nataka waone mtu anayemwoa binti yao ni mtu wa namna gani."

"Ni mtu wa namna gani?" akauliza mama.

Nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka kuwapeleka Nyumba ya Ndimu.

Nyumba hiyo iko juu kidogo ya mji, ukifuata mto Tana, ndani ya shamba la zamani ambalo daktari mmoja wa mifugo, Mzungu, alilianzisha enzi za ukoloni. Alipanda ndimu mpaka watu wakasahau jina lake, wakawa wanamwita Bwana Ndimu. Mkewe alikuwa mchoraji. Daktari akienda nyikani kuwachanja ngamia, mama yule anamfuata na turubai lake, anachora. Walipokufa wote wawili, watoto wao huko Ulaya wakaiacha nyumba kama ilivyokuwa, kuta zimejaa picha, makabati yamejaa vibuyu vya maziwa na kengele za mbao za ngamia, na wakamwacha Mzee Jillo, ambaye alikuwa mpishi wao, awe mtunzaji. Unaingia, unatembezwa, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni.

Mimi nilikuwa nimekwenda pale mara mbili na wanafunzi wa darasa la sita, kwa hiyo nikajihesabu mwenyeji. Ukweli wenyewe ni huu: mara zote mbili niliwakabidhi watoto kwa Mzee Jillo nikakaa barazani nikinywa maji ya ndimu. Ndani sikuwahi kuangalia picha hata moja kwa makini. Lakini nilipowaambia wazee nilijieleza kama vile nilizaliwa kwenye stoo ya nyumba ile. "Adeer," nikamwambia Hajji Gedi (adeer ni ami, ndivyo tunavyowaita wazee wetu wa kiume), "nitawaonyesha mambo ya historia."

Hajji Gedi akanitazama, mzee mrefu mwembamba, ndevu nyekundu za hina, akasema, "Inshallah."

Dubat akauliza kama kuna kivuli.

Basi rafiki yangu Osman akatubeba kwa pikapu yake, wazee mbele, mimi nyuma nimeshikilia chuma nikimeza vumbi ndani ya koti langu la kijivu, koti la pekee, nililolivaa kwenye joto la Garissa ili nionekane msomi. Tulipofika, Mzee Jillo akatupokea mlangoni na kaki yake na tochi yake kiunoni (mle ndani madirisha hufungwa ili jua lisichubue picha), akatupa sheria zake: "Hapa hatugusi, hatuegemei, hatuli." Akafungua mlango.

Na hapo, kabla hata sijasema karibuni, nikaiona ile sanamu.

Jamani, katikati ya sebule kumesimama mwanamke wa mawe meupe, ukubwa wa mtu, hana hata uzi mwilini. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona! Kumbe wanafunzi wakija Mzee Jillo humfunika shuka, na mimi nikichungulia kutoka barazani nilidhani ni kabati lililofunikwa. Siku ile hakuna shuka. Nyuma yangu baba mkwe, hajji, anavua viatu.

Sikufikiri. Nilivua koti nikamvika yule mwanamke, nikamfunga na vifungo, vyote vitatu, haraka kuliko ninavyomvisha mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu!" Mzee Jillo akanong'ona kwa ukali. "Nimesema hatugusi!"

"Koti ndilo linalogusa," nikamwambia.

Dubat akaingia, akatazama ule mwili wa mawe uliovaa koti langu, kichwa na miguu viko nje, akauliza kwa Kisomali, "Huyu ni nani?" Nikasema ni mgonjwa. Sijui kwa nini nilisema ni mgonjwa. Hajji Gedi akasema "Astaghfirullah" polepole akageuza uso ukutani, na mimi nikawashika wazee mikono wote wawili nikawavuta mbio kwenye chumba cha kwanza chenye mlango wazi, ilimradi tutoke pale. Ndani ya chumba kile ukuta mzima ulikuwa na picha moja kubwa ya ngamia kisimani.

Nilishukuru! Nikasema moyoni, Noor, umeokoka, hawa ni watu wa ngamia na hapa kuna ngamia. Na kweli wazee wakalainika. Walisogea, wakaanza kutazama si kama mnavyotazama picha ninyi, bali kama mtu anavyotazama kundi sokoni: huyu ana mimba, huyu mguu wa nyuma una kasoro, huyu kijana anayechota maji anashika kamba vibaya atachubuka. Yule mama wa Kizungu, lazima niseme, alikuwa na jicho. Mumewe alihitaji kumbukumbu ya mifugo aliyoichanja, kwa hiyo mkewe hakuacha kitu: kovu kaliandika kwa rangi, sikio lililokatwa kalikata, na chapa za moto shingoni kazichora moja moja. Kwetu chapa ndiyo jina la mnyama na la mwenye mnyama. Hatusomi kitabu, tunasoma shingo.

Dubat macho yake yalikuwa na ukungu. Akanyoosha fimbo (Mzee Jillo akaishusha) kuelekea ngamia jike mweupe aliyesimama mbele kabisa, akaniuliza, "Mwalimu, yule shingoni ana chapa ya nani?"

Hapa ndipo nilipojitia kitanzi. Ningesema sioni vizuri, yangekwisha. Lakini tangu Ijumaa nilikuwa nahisi wazee wananiona kijana wa chaki, asiyejua ngamia anakamuliwa upande gani, na sasa nimepewa nafasi ya kuonyesha kwamba kitabu hakikunifuta asili. Nikasogea, nikatazama: mistari miwili iliyopinda ncha. Mikia ya nge. Chapa ya babu yangu Farah! Moyo ukaruka kwa furaha.

"Adeer, ile ni yetu!" nikasema kwa sauti ya kufundishia. "Mikia miwili ya nge, chapa ya babu yangu Farah. Tazameni, ngamia wa kwetu mpaka wameingia kwenye nyumba ya Mzungu!"

Nikangoja nisifiwe.

Dubat akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa turubai. Akakaa hapo. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Sikio la kushoto limekatwa. Mdomo una kovu." Akageuka kwa kaka yake. "Ni Adey."

Hajji Gedi akaendelea kuitazama picha.

"Ni Adey!" Dubat sasa anapiga kelele. "Na chini ya huo mkia wa nge kuna nini? Mwalimu, wewe unayejua kusoma, soma na chini!"

Nikatazama. Nilitamani nisingetazama. Chini ya mikia yetu ya nge, imefifia lakini ipo, ilikuwa chapa nyingine, fimbo na nukta. Chapa ya ukoo wa Sahra. Mtu akinunua ngamia kwa halali anaacha chapa ya zamani ilivyo, anaweka yake pembeni, kila mtu aone safari ya mnyama. Anayeipiga yake juu ya chapa ya mwenzake tunamjua anaitwaje, na wala si mfanyabiashara.

Nikaelezwa pale pale, kwa kelele, habari ambayo kwetu hakuna aliyewahi kunitajia. Adey alikuwa ngamia wa baba yao, ngamia wa maziwa ambaye watoto wote wa boma lile walikua kwa maziwa yake. Alipotelea visimani. Baba yao akafuata nyayo siku nyingi, nyayo zikaishia karibu na kambi ya babu yangu. Wazee wakaketi, babu akaitwa, akaapa mara tatu kwa jina la Mungu kwamba hakumwona mnyama yule. Kwetu mtu akishaapa hivyo, kesi imefungwa, mdai anaondoka. Baba yao akaondoka. Na sasa huyu hapa Adey, ananywa maji ukutani, amevaa chapa ya Farah, na mjukuu wa Farah amesimama pembeni anajivunia.

Dubat akamgeukia Mzee Jillo kwa Kiswahili chake. "Weye mzee, hii bicha teremsha. Hii ngamia yetu. Sisi nabeleka kwa wazee."

"Picha haitoki ukutani, bwana," Mzee Jillo akasema. "Nitaita polisi."

"Ita! Bolisi bia ije ione hii mwizi!" Akakaa chini sakafuni, akakunja miguu, fimbo mapajani. "Mimi siondoki hapa mbaka Adey natoka."

Nikampigia magoti. Adeer, tafadhali, adeer, watu watatuona. Na wallahi ungedhani niliwaita, maana mlango ukafunguka wakaingia Wazungu watatu, watu wa mashirika waliokuwa wakifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Hagadera, waliokuja kupumzisha macho siku ya Jumamosi. Mmoja, mama mwenye kofia, alikuwa amelishika koti langu mkononi.

"Hili limesahauliwa," akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwa tabasamu, akanikabidhi mbele ya Hajji Gedi. Kupitia mlango uliobaki wazi yule mwanamke wa mawe akawa anatutazama sote, uchi kama alivyochongwa.

Nikalivaa. Ningefanya nini? Nimesimama pale na koti, jasho linatiririka, na yule mwenzao mwenye kamera akawa anamtazama Dubat aliyekaa sakafuni mbele ya picha ya ngamia, kilemba chake, fimbo yake, halafu akamwuliza Mzee Jillo kwa heshima kama huyu mzee huwepo kila Jumamosi. Akapiga picha. Akapiga ya pili. Mimi nilimwambia kwa Kiingereza cha hasira zangu zote kwamba huyu ni mgeni wangu, si kitu cha maonyesho, aondoe kamera yake, naye akawa mwekundu akaomba radhi, lakini hawakutoka, walijibanza tu kwenye kona, wakakaa kimya kama watu waliokata tiketi. Mpaka leo nikiwaza kwamba mahali fulani Ulaya, kwenye albamu ya mtu, aibu yangu imebandikwa safi, nataka kutupa kitu.

Ndipo Hajji Gedi akasema. Aliegemea fimbo yake akaniuliza kwa upole, upole ambao ningepaswa kuuogopa, "Noor, mwanangu. Chapa ile ni ya nani?"

Jamani, nilikuwa nimeshajibu! Nilijibu kwa sauti ya darasa zima! Lakini hofu haina akili. Niliona Sahra anaondoka, niliona Jumapili na chai na mbuzi, niliona baba yangu, na nikajiambia nikiifuta chapa ile, yote yanarudi mahali pake.

"Adeer, nilikosea," nikasema. "Ulimi uliteleza. Ya kwetu ina mikia miwili. Hii ina mmoja. Ule mwingine ni ufa wa rangi."

Na Mzee Jillo, ambaye hakuna aliyemwuliza, ambaye anajua Kisomali kwa kukaa na sisi miaka yote, akachomoa tochi kiunoni, akaimulika shingo ya yule ngamia mpaka ikang'aa. "Ni miwili, mwalimu," akasema. "Hesabu."

Ningemla mzima. Kelele zikanipanda kichwani, nikainua mkono wa kulia, mbele ya mzee, mbele ya Dubat, mbele ya Wazungu watatu na ngamia wote wale, nikasema, "Wallahi, billahi, tallahi, chapa ile si yetu na siijui!"

Kikatoka kiapo cha mara tatu, kimekamilika, kama kilivyopaswa.

Dubat akaacha kupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinitazama tu, kinywa wazi.

"Shusha mkono," Hajji Gedi akasema. Nikashusha. Akaongea polepole, si kwa hasira hata kidogo, na mimi ningependa angenipiga fimbo.

"Habari ya Adey naijua tangu zamani," akasema. "Mchungaji wa babu yako alikuja kwetu mwaka aliofariki babu yako, akatuambia mimi na mama yangu. Dubat sikumwambia, unamwona alivyo. Nikamsamehe babu yako ngamia na nikamsamehe kiapo, maana maiti hadaiwi. Ulipotuma watu kumposa Sahra, nikasema alhamdulillahi, hili jambo sasa litazikwa na watoto. Leo nilipoiona ile picha hata sikukasirika. Ungeniambia, 'Ni yetu, adeer, tusamehe,' ningekwambia twende tukanywe chai."

"Adeer..." nikasema.

"Ngamia huibwa, Noor. Njaa ipo, ujana upo. Lakini binti yangu nikimleta kwako, siku moja atakuuliza jambo, na wewe utainua mkono huo." Akamgusa Dubat begani. "Inuka. Adey mwache anywe maji."

Dubat akainuka. Tukatoka, tukapita kwa yule mwanamke wa mawe, hakuna aliyegeuza uso safari hii. Nikadhani angalau yamekwisha, kumbe Mzee Jillo amesimama mlangoni na kitabu cha wageni, kwa sababu sheria ni sheria. "Jina, mnakotoka, na hapa maoni," akasema. Dubat hajui kuandika. Akaniamuru mimi niandike kwa niaba yake. Nikakataa, akanitazama, nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: *Dubat, Wajir. Ngamia wetu yuko humu ndani.* Nimesikia wageni mpaka leo wanausoma mstari ule na kuusifu, wakidhani ni usemi wa hekima.

Njiani kurudi, Osman, ambaye hakujua chochote, alikuwa anapiga mluzi. Mimi nyuma na vumbi langu. Nilikuwa nimejaa ghadhabu, sikuwa hata na huzuni bado. Nilimlaani babu. Nilimlaani mama yule na uhodari wake, kwa nini asichore maua kama Wazungu wengine! Niliulaani hata mti wa kwanza wa ndimu uliopandwa pale.

Hajji Gedi aliagana na mama yangu kwa adabu zote, akamshukuru kwa kulala kwao, akachukua mzigo wake. Jioni hiyo hiyo wakapanda lori la Wajir. Mbuzi wa Jumapili tukabaki naye amefungwa uani, analia.

Nikamwendea baba. Nilikuwa nimejiandaa kumvunjia heshima kwa mara ya kwanza maishani. Nikamwambia kila kitu nikisimama, mikono inapaa, nikamwuliza kama alijua kwamba babu aliiba yule ngamia. Baba alikuwa anatia udhu. Akamaliza mguu wa kulia, akamaliza wa kushoto.

"Nilijua," akasema.

"Na hukuniambia! Umeniacha niwapeleke mwenyewe, kwa miguu yangu!"

"Uliniambia unawapeleka kuona nyumba ya Mzungu. Mimi ningejuaje ngamia yuko ndani?" Akajifuta uso kwa kikoi. "Lakini niambie wewe msomi. Babu yako aliapa, akapata ngamia. Wewe uliapa, ukapata nini?"

Akaenda kuswali. Nikabaki pale uani mimi na mbuzi.

Nilijipa moyo kwamba Sahra atanielewa, maana Sahra ananijua, Sahra si mtu wa visimani, ni mwalimu. Jumatatu nikawahi ofisini kwa walimu kabla ya wote. Akaingia, ameshapata habari zote kutoka kwa baba yake kabla lori halijaondoka, uso wake mtulivu, akachukua chaki, akahesabu madaftari ya watoto wake. Mimi nikaanza hotuba. Nikamweleza kuhusu sanamu, kuhusu joto, kuhusu Wazungu, kuhusu Mzee Jillo na tochi, kuhusu mapenzi yangu pia, yote kwa pamoja, sijui hata nilianzia wapi. Akaniacha nimalize.

"Noor," akasema. "Ilikuwa mikia mingapi?"

Nje kengele ikapigwa.

"Miwili," nikasema.

"Basi," akasema. "Kumbe si vigumu." Akabeba madaftari akaenda darasani.

Muhula ulipoisha akaomba uhamisho. Aliolewa Mandera na mtu wa duka, na nasikia wanaishi vizuri, na mimi hata hilo linanikasirisha, Mungu anisamehe.

Tangu asubuhi ile ya Jumatatu siapi. Mnajua wenyewe hapa kwetu mtu haulizwi bei ya nyanya bila kuapa, hasalimiwi, haombi kiberiti, haambii mtu kwamba mvua imenyesha bila kuweka jina la Mungu mbele. (Ile wallahi iliyoniponyoka hapo juu nikisimulia ya Wazungu, ifuteni, ni ya hasira.) Mimi rafiki akiniambia, "Sema wallahi," namwambia nimeshasema, ukitaka amini, hutaki acha. Wengi huacha. Nimepoteza kesi mbili za mpaka wa kiwanja kwa sababu mpinzani wangu aliapa na mimi nikakataa, na watu wakasema mwalimu ana kiburi, na wengine wakasema mwalimu ana lake jambo. Semeni tu. Kiapo kimoja kilinitosha.